Mgongano wa Mihuri katika Sarafu za Tabora za 1916: Ushahidi Usiosomwa kati ya Nakivale na Mbarara

Neno *hela* ni mabaki ya utawala uliokwisha zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lilitokana na heller, sarafu iliyoanza kutumika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, rupia moja ilipogawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64. Rwanda na Burundi zilikuwa ndani ya koloni hilo. Mbarara, makao ya utawala wa Waingereza katika Ankole, ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Leo wajukuu wa watumiaji wa heller wanaishi Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mzee anayevuka mpaka na heller moja mfukoni amebeba hati, ingawa mnunuzi wa vyuma chakavu huiona shaba tu.

Sarafu zinazostahili uangalifu zaidi ni zile za 1916. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Uingereza, na fedha kutoka Ujerumani hazikufika. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu: rupia 15 za dhahabu, vipande 16,198, pamoja na heller 5 na heller 20. Zile za heller 20 zilipita milioni moja. Mihuri ilichongwa na kuchongwa upya, ndiyo maana kuna taji kubwa na taji dogo, na herufi L zenye ncha kali au zilizojikunja. Wabelgiji waliuteka mji tarehe 19 Septemba 1916.

Katika karakana ya namna hiyo, mashine hushuka wakati mwingine bila kipande cha madini katikati. Mihuri miwili hugongana, na kila mmoja huacha alama juu ya mwenzake. Sarafu zote zitakazofuata hubeba kivuli cha upande wa pili: karibu na taji hujitokeza umbo hafifu la tarakimu 20, limegeuzwa kama kwenye kioo. Kivuli hicho hukaa kwenye uwanda wa sarafu, si juu ya picha zilizoinuka, kwa sababu uwanda ndio sehemu ya juu kabisa ya muhuri.

Hapo ndipo udanganyifu huingia. Sarafu mbili zikibanwa kwa jiliwa, nazo hupata alama zilizogeuka, lakini picha zilizoinuka hubapika, na alama hizo hazirudiwi kwenye sarafu nyingine. Kwa hiyo sarafu moja pekee haithibitishi mgongano. Mbili zenye kivuli kilekile mahali palepale zinathibitisha. Zikipatikana tatu, na ufa wa muhuri ukirefuka kutoka moja hadi nyingine, mtafiti anaweza kupanga mfuatano wa kazi ya karakana ambayo saa zake hazikuandikwa popote.

Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kale ya Uganda ya 2023 isitumiwe kuwanyang'anya wakimbizi mali yao. Mwenye kunyang'anywa leo, kesho jirani yake atafukia. Inatosha maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu walioko Nakivale wapewe mizani ndogo na kamera, wapige picha pande zote mbili, waandike uzito na mahali sarafu ilikotoka, kisha wamrudishie mwenyewe.