Kipupwe katika nchi ya chai: Sonona isisingiziwe baridi

KILA mwaka kuanzia Juni hadi Agosti, nyanda za chai za Kericho na Bomet huingia katika kipupwe. Ukungu hutanda asubuhi juu ya mashamba, mawingu hukusanyika adhuhuri, na mvua, mara nyingine ya mawe, hunyesha alasiri. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai halijoto huweza kushuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi au chini yake. Ni katika miezi hiyo ambapo baadhi ya watu hulalamika kuwa moyo ni mzito na kazi haitamaniki. Jibu wanalopewa mara nyingi ni moja: ni baridi tu, itapita.

Jibu hilo laweza kumchelewesha mgonjwa kupata tiba.

Sonona ya majira ni nini?

Utabibu unatambua aina ya sonona inayofuata majira ya mwaka. Mwaka wa 1984, Dkt Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani waliieleza kitaalamu na kuipa jina. Mgonjwa wake huzongwa na huzuni majira ya baridi yanapoingia, hulala kupita kiasi, hutamani vyakula vya wanga na huongeza uzito, kisha hupata nafuu baridi inapoisha. Ili daktari aitambue, hali hiyo sharti iwe imejirudia kwa angalau miaka miwili mfululizo.

Chanzo kinachotajwa zaidi na wataalamu si baridi yenyewe, bali ni uhaba wa mwanga. Mwanga wa jua uingiao machoni huiongoza saa ya ndani ya mwili, ile inayopanga usingizi na uchangamfu. Mjini London, mchana wa Desemba huwa wa saa nane hivi. Mjini Helsinki, Finland, hupungua hadi chini ya saa sita.

Kericho na Bomet, kinyume chake, ziko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta. Mchana huko huwa wa takriban saa 12 mwaka mzima, na tofauti kati ya Juni na Desemba ni ya dakika chache tu. Kipupwe huleta mawingu, lakini hakifupishi mchana. Isitoshe, hata siku ya mawingu, mwanga wa nje huwa mwingi mara kadhaa kuliko ule wa ndani ya nyumba. Mchumaji anayeshinda shambani tangu asubuhi hana uhaba wa mwanga. Akizongwa na huzuni isiyokwisha, sababu itafutwe kwingine.

Kinachopungua ni mapato

Baridi hupunguza kasi ya michai kuchipua, na kilo zinazochumwa hupungua. Anayelipwa kwa kilo hupata kidogo katika miezi ambayo familia inahitaji kuni, makaa na nguo nzito. Mkulima mdogo anayeuza majani yake kupitia KTDA hupokea malipo ya mwezi yaliyopungua, huku akisubiri bonasi ambayo kwa kawaida hulipwa Oktoba, baada ya hesabu za mwaka kufungwa Juni 30. Katika mashamba makubwa, mashine za kuvuna zimechukua kazi za wachumaji. Mei 2023, hasira kuhusu jambo hilo ilifikia kiwango cha mashine kuteketezwa katika maandamano ya Kericho.

Madeni, hofu ya kupoteza kazi, msiba, upweke wa kuishi mbali na jamaa, ugomvi wa nyumbani na ulevi vyote vyaweza kuchochea sonona. Kipupwe huweza kuyazidisha hayo, lakini kupita kwake hakuyaondoi.

Dalili za kuangaliwa

Huzuni ya siku mbili tatu si ugonjwa. Sonona hushukiwa pale ambapo mtu, karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, ana huzuni au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, na pia ana dalili nyingine kama vile kukosa usingizi au kulala mno, mabadiliko ya hamu ya chakula, uchovu, kushindwa kumakinika, kujiona hana thamani na kuwaza kifo. Kwa wanaume, mara nyingine hujitokeza kama hasira na unywaji wa kupindukia.

Daktari pia huchunguza maradhi yanayofanana nayo, hasa upungufu wa damu na kasoro za tezi ya shingo.

Namna ya kukabiliana nayo

Katika kipupwe, inafaa kutoka nje asubuhi kabla ya mawingu kukusanyika, kutembea, kulala na kuamka kwa saa zilezile, kupunguza pombe na kutojitenga na majirani. Kujifungia chumbani na jiko la makaa ni hatari, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua. Akiba inayowekwa wakati wa mavuno mengi hupunguza makali ya Julai.

Dalili zikizidi wiki mbili, mgonjwa aende katika kituo cha afya kilicho karibu, au amwone mhudumu wa afya ya jamii ampe mwelekeo. Tiba huwa ni ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu na hazifai kukatizwa ghafla. Anayewaza kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa miaka mingi, hofu ya sheria iliweza kuwanyamazisha wagonjwa, kwani kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Kwa Wakenya wanaokwenda kusoma au kufanya kazi Ulaya na Amerika Kaskazini, hali ni tofauti: huko sonona ya majira huweza kuwapata kwa maana yake kamili. Tiba mojawapo ni kuketi karibu na taa maalumu yenye mwanga wa laksi 10,000 kwa takriban nusu saa kila asubuhi, kwa ushauri wa daktari.

Aliyeko Kericho au Bomet hahitaji taa hiyo. Anachohitaji ni kusikilizwa na kutibiwa mapema, hata kabla kipupwe hakijaisha. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.