Kulinganisha Nyuzi kwa Sikio

Wazee wetu waliovuka bahari kutoka Unguja kuja Maskati baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, walikuja na taarabu yao. Ndani yake mlikuwamo elimu isiyoandikwa: kulinganisha nyuzi kwa sikio.

Yasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Ala hiyo ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, nazo hizo tatu sharti zilie kama uzi mmoja.

Siku hizi vijana wetu hulinganisha kwa programu ya simu. Ni msaada mkubwa. Lakini ikipimwa kwa mizani ya piano, hutambua sauti 12 tu. Sauti ya sika, iliyo roho ya maqamu ya Rasti, imo baina ya sauti mbili za piano, na simu huihesabu kosa. Wala haina kipimo kimoja: Istanbul huipandisha kuliko Cairo. Anayejua ya kwetu ni aliyeisikia kwetu.

Kwa hiyo nawanasihi, jamaa zangu: simu itupe sauti ya kuanzia. Sika tuitafute kwa wazee walio hai, na katika kanda za harusi zilizomo makabatini mwetu. Kanda zikichakaa, na wazee wakiondoka, simu itabaki peke yake kuwa mwalimu, na watoto wetu wataiona sauti ya babu zao kuwa ni kosa.