MAJI YA MWEZI WA KUMI YANATOKA WAPI?

Leo tunazungumza juu ya mto, na hasa mto wakati wa kiangazi.

Simama Chimala mwezi wa kumi, juu kidogo ya mabanio, utazame kwenye ukuta wa mlima, kule barabara ya Matamba inakopanda kwa kona zake 57. Mvua imekatika tangu mwezi wa tano. Majaruba yamepasuka na vumbi la Usangu linaruka. Lakini Mto Chimala bado unateremka na maji. Je, maji hayo yametoka wapi, na mbinguni hakuna hata wingu?

Hebu tuanzie jikoni. Akina mama wengi wanajua kutengeneza magadi ya majivu. Unatoboa chungu chini, unajaza majivu, unamimina maji. Maji hayatoki mara moja. Majivu yanakunywa kwanza, kisha yanaanza kutona, tone kwa tone, na yanaendelea kutona muda mrefu baada ya wewe kuacha kumimina.

Mlima nao ndivyo ulivyo. Mvua ya masika inapoanguka hugawanyika mara tatu. Sehemu ya kwanza hukimbia juu ya ardhi, ikaleta mafuriko siku ile ile. Sehemu ya pili hunywewa na miti na mazao, ikarudi hewani. Sehemu ya tatu huzama kupita mizizi, ikajaza nafasi za udongo na nyufa za mawe, ikatembea polepole mpaka itokeze kwenye chemchemi na mabonde. Hiyo ya tatu ndiyo mto wa mwezi wa kumi. Kwa maneno mengine, ardhi ni ghala. Masika tunajaza, kiangazi mto unakula ghalani.

Sasa, juu ya ghala hili kuna ugomvi wa siku nyingi. Watu wa bondeni wanasema, "Ninyi wa mlimani mmelima miteremko, mmekata miti, mmeua mto." Na sisi mabwana shamba, tuseme kweli, mara nyingi tulijibu kwa sentensi moja tu: pandeni miti, mto utarudi.

Lakini jambo hili lilikwisha kupimwa, tena hapa hapa kwetu. Miaka ya 1950 Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Muguga, Kenya, liliamua kupima badala ya kubishana. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa mtaalamu Charles Pereira. Walichagua Kericho na Kimakia huko Kenya, Atumatak katika nchi ya Karamoja huko Uganda, na kwetu wakachagua safu ya milima ya Mbeya.

Pale Mbeya waliteua mabonde mawili madogo yenye miteremko mikali. Moja, la hekta 16 hivi, lilikuwa msitu wa asili. La pili, la hekta 20 hivi, lilikuwa mashamba ya wanakijiji. Katika kila kijito walijenga kizuizi cha kupimia maji, na mvua nayo ikapimwa. Kazi hiyo iliendelea tangu 1958 mpaka 1968. Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa imekwisha kuvunjika miaka miwili nyuma.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Kijito cha bonde lililolimwa ndicho kilichotoa maji mengi zaidi. Hata kiangazi, maji yake yalikuwa kama mara mbili ya yale ya kijito cha msituni! Na mmomonyoko wa udongo ulikuwa mdogo.

Kwa nini? Sababu ni mbili. Kwanza, mti una mizizi mirefu, nao unakunywa mwaka mzima, masika na kiangazi. Mahindi yakishavunwa shamba halinywi tena, na maji yanayobaki chini yanakwenda kijitoni. Pili, udongo wa pale umetokana na majivu ya volkano. Ni mlegevu mno, kama yale majivu ya chunguni. Hata ulipolimwa kwa jembe, uliendelea kuinywa mvua, ikazama badala ya kukimbia.

Ndugu mkulima, usikimbilie shoka! Sikiliza upande wa pili. Kule Atumatak, Karamoja, ardhi ilikuwa imelishwa ng'ombe kupita kiasi, ikabaki uchi na ngumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji yalikimbia juu juu na kwisha mara moja. Pale ghala lilikuwa na mlango uliofungwa. Kwa hiyo fundisho si kwamba msitu ni adui. Msitu unashika udongo mahali pengi ambapo jembe lingeuharibu. Fundisho ni kwamba mto wa kiangazi unategemea mambo mawili: mdomo wa ardhi uwe wazi masika, na wanywaji wasizidi kiangazi.

Na wanywaji si miti peke yake. Tuteremke Usangu. Kilimo cha mpunga wa mifereji kilianzishwa huku na walowezi wa Kibaluchi kabla ya Uhuru. Miaka ya 1970 likaja shamba kubwa la taifa la Mbarali, baadaye Kapunga, na wakulima wadogo wakachimba mifereji yao kila upande. Kuanzia 1993 Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera, ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Lawama ziliwaangukia wakata miti wa mlimani na wafugaji. Lakini uchunguzi uliofanyika Usangu kati ya 1999 na 2001 ulionyesha kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa mifereji kiangazi. Ghala lilikuwa bado linatoa. Sisi tuliyachota yote mlangoni.

Basi tufanye nini?

Ninyi wa mlimani, limeni matuta yanayokinga mteremko. Msichome mabua, yaacheni yafunike ardhi. Ng'ombe wasipite njia moja mpaka udongo ukawa sakafu. Kwenye chemchemi msipande mikaratusi, kwani inakunywa sana. Acheni uoto wa asili. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto.

Ninyi wa bondeni, mpunga ukishavunwa, fungeni banio. Najua mifereji inaleta pia maji ya nyumbani. Lakini mfereji wa kilometa nyingi unapoteza maji mengi njiani ili kufikisha ndoo chache. Kijiji kikichimba visima, mto utapumua.

Na wote, pimeni. Simikeni kijiti chenye alama katika kijito chenu, mahali palipo imara. Tarehe mosi ya kila mwezi, tangu mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja, andikeni maji yamefika alama gani. Andikeni na mvua iliyonyesha masika. Baada ya miaka michache, watu wa mlimani na wa bondeni watakapokutana kugombana juu ya mto, mtu mmoja atafungua daftari kwanza.