Safari ya Kwenda Kwetu Kililana

Watu wengi hudhani kwamba historia ni jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani: majina ya wafalme, miaka ya vita, na mikataba iliyotiwa saini mbali na macho ya wenyeji. Mimi ni mwalimu wa historia, na kwa miaka kumi nilifundisha hivyo bila kuona kosa. Siku moja binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, aliniuliza, "Baba, asili yetu ni Kililana. Je, Kililana ina historia gani?" Nilifungua kinywa, kisha nikakifunga. Habari za Vasco da Gama niliziweza, na za Bismarck pia. Lakini juu ya kijiji nilichozaliwa sikuwa na la kusema, ila kwamba bibi yake alilima huko mahindi na ufuta, na kwamba sasa pana bandari.

Aibu ile ndiyo iliyozaa safari hii. Likizo ya Agosti ilipokaribia, niliazimu kuwachukua mke wangu na watoto wetu watatu, tupite katika miji ya kale ya pwani, mmoja baada ya mwingine, mpaka tufike kwa mama yangu Kililana.

Katika nchi za Ulaya na Marekani ziko jamaa zinazosafiri kwa magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani yake. Sisi hatukuwa na gari la namna hiyo. Shemeji yangu ana gari la abiria lililokwisha kustaafu kazi ya barabarani. Alituazima kwa moyo mweupe. Tuling'oa viti vya nyuma, tukatandika godoro, tukatundika chandarua, tukapakia jiko la mkaa, sufuria, mkeka, na madumu mawili ya maji. Mke wangu aliliita "nyumba ya magurudumu". Tuliweka sharti moja: tusilale porini, bali kila jioni tuombe ruhusa katika ua wa shule au wa mtu tunayemfahamu.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Gedi, kiasi cha kilometa 16 kusini ya Malindi. Mji huu umezungukwa na msitu, na magofu yake yameenea juu ya eka 45 hivi. Ndani yake mna msikiti mkubwa wa Ijumaa, jumba la kifalme, nyumba za mawe ya matumbawe, na makaburi. Moja la makaburi hayo lina tarehe ya mwaka wa Hijra 802, yaani karibu na mwaka 1399. James Kirkman alianza kuuchimbua mji huu mwaka 1948, na vitu vilivyotoka ardhini vilionyesha kwamba watu wa Gedi hawakuwa washamba: walikula katika vyombo vya kauri kutoka China na kujipamba kwa shanga kutoka ng'ambo. Mwaka 2024 Gedi ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Basi kwa nini watu wenye neema kama hiyo waliuacha mji wao katika karne ya kumi na saba? Wataalamu wametaja sababu kadhaa: vita na mashambulio katika pwani, kuharibika kwa biashara baada ya kuja Wareno, na kupungua kwa maji. Kisima kilicho karibu na msikiti mkubwa kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, dalili ya kwamba maji yalikuwa yakiwakimbia. Mwanangu mdogo aliinama ukingoni mwa kisima kikavu, akaita, akasikia sauti yake ikirudi. Akauliza, "Walikwenda wapi?" Hilo ni swali bora kuliko mengi yaliyo katika karatasi za mtihani.

Kutoka Gedi tulikwenda Malindi. Hapo hatukukaa sana, kwa kuwa habari zake zimeandikwa mara nyingi: jinsi mfalme wake alivyompokea Vasco da Gama mwezi wa Aprili mwaka 1498, akampa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Niliwakumbusha watoto kwamba Malindi ilijulikana mbali hata kabla ya siku hiyo, maana mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifika katika jumba la mfalme wa China. Mgeni hakuugundua mji. Aliukuta una wenyewe na dunia ikiujua.

Baada ya Malindi barabara huelekea kaskazini, na miji huwa michache. Kabla ya kufika Garsen tuligundua kwamba dumu moja lilikuwa limepasuka chini na maji yote yamemwagika; la pili lilikuwa karibu tupu. Jua lilikuwa kali, na mdogo alianza kulia. Kaka yake akamwambia, "Nyamaza, sasa sisi ni watu wa Gedi." Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu. Tulipofika katika mto Tana na kununua maji, nilitambua kwamba nusu siku ya kiu imewafundisha jambo ambalo mimi sikuweza kulifundisha kwa chaki.

Usiku huo tulilala katika ua wa shule, na siku ya pili tukaingia Witu. Mtu apitaye Witu leo huona mji mdogo wenye maduka na miembe, asijue kwamba zamani ulikuwa makao ya dola. Wanabahani, waliokuwa wafalme wa Pate, walipozidiwa nguvu na masultani wa Zanzibar, mmoja wao, Ahmad bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, alihamia bara, akaweka makao yake Witu katika karne ya kumi na tisa. Watumwa waliotoroka mashambani walimkimbilia, naye akawapokea. Hivyo Witu ikawa kimbilio la walioonewa, na vilevile mwiba katika miguu ya Zanzibar.

Ili ajilinde, Simba alitafuta rafiki mwenye nguvu, na mwaka 1885 Witu ikawekwa chini ya himaya ya Ujerumani. Lakini rafiki wa namna hiyo ni kama mwavuli wa kuazima: mwenyewe huuchukua mvua ikianza. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza walibadilishana nchi. Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland katika bahari ya kaskazini, na Witu ikaangukia mkono wa Uingereza. Watu wa Witu hawakuulizwa. Mwezi wa Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa waliuawa huko, na mwezi wa Oktoba jeshi la Uingereza lililoongozwa na Admirali Fremantle lilikuja likauteketeza mji kwa moto. Sultani Fumo Bakari, aliyemrithi Simba, alikimbilia msituni, naye akafa mwaka uliofuata.

Binti yangu aliandika jambo hili katika daftari lake, kisha akapiga mstari chini ya maneno "hawakuulizwa".

Tulipita Mpeketoni, ambako watu kutoka sehemu mbalimbali za Kenya walipewa mashamba katika miaka ya 1970, na ambako mwezi wa Juni mwaka 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa katika mashambulio ya usiku. Tuliwaombea marehemu, tukaendelea. Si kila mahali pa historia pana magofu. Mahali pengine pana wajane na mayatima.

Mokowe ndio mwisho wa njia ya watu waendao kisiwani. Tuliiacha nyumba yetu ya magurudumu kwa jamaa, tukapanda boti kwenda Amu. Mji wa Lamu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na sababu yake kubwa ni hii: si gofu, bali mji ulio hai. Ngome yake ilimalizika kujengwa mwaka 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, kisha wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani. Watoto waliliona jambo hili kwa macho: mji uleule ulioshinda vita ulijitafutia bwana ili usishindwe kesho.

Siku iliyofuata tulivuka kwenda Takwa, katika kisiwa cha Manda. Boti huingia kwa mkondo mwembamba katikati ya mikoko, nayo lazima ingoje maji yajae. Takwa ulikuwa mji wa watu tangu karibu mwaka 1500 hadi karibu mwaka 1700. Msikiti wake una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na nje ya ukuta wa mji pana kaburi la nguzo lenye tarehe ya miaka ya 1681 na 1682. Hapa pia yasemwa kwamba maji ya visima yaliingia chumvi, watu wakahama, wengine wakaenda Shela. Lakini hawakusahau. Watu wa Shela wamedumisha desturi ya kurudi Takwa kuzuru kaburi lile na kuomba mvua. Nilisimama hapo nikaona tofauti ya Gedi na Takwa. Yote miwili ilihamwa, lakini swali la mwanangu, "walikwenda wapi?", huko Takwa lina jibu, kwa sababu wajukuu wangali wanarudi.

Ndipo tukafika Kililana.

Mama yangu alitupokea mlangoni. Watoto walimshika mkono wakaubusu, naye akawasomea dua. Kutoka kwake hadi kwenye bandari si mbali. Msingi wa kazi ile uliwekwa tarehe 2 Machi 2012, mbele ya Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudani Kusini, na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Uhabeshi. Gati ya kwanza ilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021. Mpango wake ni gati nyingi, na njia za kuziunganisha nchi hizo na bahari. Katika kuijenga, bahari ilichimbwa na mikoko ikakatwa, na wavuvi wakapoteza mahali pao pa kuvulia. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaamuru walipwe kiasi cha shilingi bilioni 1.76.

Shamba la mama lilikuwa upande wa pili wa ua wa bandari. Binti yangu alimwuliza lile swali aliloniuliza mimi. Mama hakufunga kinywa kama mimi. Alisema kwamba alipokuwa mtoto, katika vita vya shifta vya miaka ya 1960, jamaa nyingi za bara zilikimbilia visiwani, na yeye akabebwa usiku katika mashua. Walirudi baadaye, wakakuta pori limeota ndani ya nyumba, wakafyeka upya. Alizitaja njia, mipaka ya mashamba na wenye nayo, mwembe uliokuwa baraza ya wazee, na kisima walichokiita Kisima cha Mkwaju, ambacho maji yake hayakuingia chumvi hata wakati wa kiangazi.

"Fedha za shamba nilipewa," akasema, "wala sina ugomvi na mtu. Wajukuu wangu wakipata kazi bandarini, nitashukuru. Lakini walikuja watu wengi na kamba na karatasi, wakapima kila kitu. Hakuna aliyeniuliza kile kisima kiliitwaje."

Tulikaa kimya. Kisha binti yangu akafungua daftari lake, akaanza kuandika, na bibi yake akaanza upya, polepole, jina moja moja. Waliandika mpaka adhana ya magharibi. Siku ya pili mama alitupeleka mpaka kwenye ua, akanyosha kidole, akaonyesha ulipokuwa mwembe. Binti yangu alichora ramani.

Wanafunzi wasomao habari hii, sisemi kwamba bandari ni mbaya. Pwani yetu ilijengwa na bandari. Bila marikebu hapangekuwa na Gedi, wala Pate, wala Lamu. Nasema tu kwamba mji huhamwa kwa sababu nyingi, maji, vita, biashara au amri, na mara nyingi watu hawawezi kuizuia siku hiyo isije. Wanaloliweza ni kuyahifadhi majina, wajukuu wapate njia ya kurudi. Kazi hiyo haihitaji gari wala fedha. Yahitaji daftari, kalamu, na mzee aliye hai. Na katika hayo matatu, la mwisho ndilo lisilongoja.

Safari yetu ilichukua siku tisa. Daftari la binti yangu liko mezani kwangu niandikapo maneno haya. Katika ukurasa wake wa kwanza ameandika "Historia ya Kililana", na mimi, mwalimu wake, nimeanza kujifunza kwake.