Selotepu, penseli na prosesa ya dola 149

Nimepotea kidogo, si mnajua tena msimu wa test. Wiki hii chumbani kwetu kuna mjadala mmoja tu: rumeti wangu anataka kuilazimisha kompyuta yake kuukuu ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Boom limeisha, mpya hainunuliki. Mchezo huo unaitwa ovakloki, na historia yake ni tamu kweli.

Turudi Agosti 1998. Siku moja Intel walitoa prosesa kadhaa, zikiwemo Pentium II ya MHz 450, bei ya jumla dola 669, na Celeron 300A ya MHz 300, dola 149 tu. Celeron ya kwanza, ya Aprili mwaka huohuo, ilichekwa sana kwa kukosa kabisa kashe ya L2, yaani ile kumbukumbu ndogo ya karibu na prosesa. Hii 300A ikapewa KB 128. Pentium II ilikuwa na KB 512, lakini zilikimbia nusu ya kasi ya prosesa. Za Celeron zilikuwa ndani ya silikoni ileile, zikikimbia kasi yote!

Sasa hesabu. Kasi ya prosesa ni kasi ya ubao mkuu mara namba ya kuzidishia. Kwa 300A ni 66 x 4.5, karibu 300. Ile 4.5 Intel waliifunga, maana kulikuwa na matapeli waliofuta maandishi ya prosesa na kuziuza kama za kasi kubwa. Ila ubao haukufungwa. Bodi zenye chipseti ya 440BX zilikubali 100, na 100 x 4.5 ni 450. Umeona eeh? Mwenye Abit BH6 alibadilisha kwenye BIOS tu. Mwenye bodi inayojipangia yenyewe alifunika mguso wa B21 kwa kipande cha selotepu, bodi ikadanganyika. Si zote zilifika 450, lakini nyingi zilifika. Mwaka 2000 ikaja zamu ya Athlon na Duron za AMD: watu waliunganisha vidaraja vya L1 kwa penseli, maana grafiti hupitisha umeme, na namba ya kuzidishia ikafunguka.

Kwa hiyo namba ya kwenye boksi ilikuwa pia ya kibiashara, siyo ya kifizikia peke yake. Hapo rumeti yuko sahihi.

Lakini kuna sehemu haisimuliwi sana. Walioshindwa kufika 100 wakajaribu 83. Kwenye bodi nyingi, hapo njia ya PCI iliyopangiwa MHz 33 ilipanda hadi 41 na ushee, na diski nayo ikaburutwa humo. Kompyuta inawaka vizuri, muziki unapiga, huku mafaili yanaharibika kimyakimya. Na joto je? Ukiongeza volti mara mbili, linapanda mara nne.

Wale wa 1998 wengi walikuwa wanacheza gemu. Rumeti ana tasnifu nzima kwenye diski moja, na BIOS ya mashine yake haina hata sehemu ya kugusa kasi. Ushauri wangu: nakili tasnifu kwenye flashi mbili, futa vumbi kwenye feni, tafuta RAM ya mtumba. Selotepu na penseli zisubiri mpaka ukabidhi kazi.

Nyie mnasemaje? Haya, naenda kubukua. Alamsiki!