Kuovakloki kadi ya grafiki katika kompyuta mpakato za gemu

Kuovakloki kadi ya grafiki ni kuendesha chipu ya grafiki au memori yake kwa kasi inayozidi ile iliyopangwa kiwandani, ili gemu itoe fremu nyingi zaidi kwa sekunde. Kwenye kompyuta za mezani jambo hili limezoeleka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwenye kompyuta mpakato faida yake ni ndogo zaidi, kwani mara nyingi kinachoibana kadi si kasi bali wati inazoruhusiwa kula na joto ambalo feni zinaweza kulitoa.

Umeme na joto

Chipu ya grafiki ya leo haikai kwenye kasi moja. Tangu GeForce GTX 680 ya mwaka 2012, kadi za Nvidia zimekuwa zikijipandisha na kujishusha zenyewe kwa kuangalia wati, volteji na joto. Mtumiaji anayeongeza megahezi 100 hailazimishi kadi ikimbie kwa kasi fulani. Anachofanya ni kuipa kasi kubwa zaidi kwa kila kiwango cha volteji, na kadi ikishafika kikomo chake cha wati itajirudisha nyuma kama kawaida.

Kikomo hicho hutofautiana mno. RTX 4090 ya mezani imepangiwa wati 450. Ile ya kompyuta mpakato, yenye jina lilelile, hupewa kati ya wati 80 na 150 kadiri mtengenezaji alivyoamua, na hata chipu yake ni nyingine iliyo ndogo zaidi. RTX 3060 ya mpakato huanzia wati 60 hadi 115. Kwa hiyo mashine mbili zenye kibandiko kimoja zinaweza kuachana kwa kiasi ambacho ovakloku yoyote haiwezi kukifidia, na mnunuzi makini huuliza wati kabla ya kuuliza jina la kadi.

Joto nalo lina hesabu yake. Katika mashine nyingi za gemu, prosesa na chipu ya grafiki hutumia mabomba yaleyale ya kupozea, hivyo prosesa ikichemka kadi nayo huumia. Hewa ya chumbani huingia moja kwa moja kwenye hesabu hiyo: mashine iliyopimwa katika chumba chenye kiyoyozi haitafanya vilevile Mombasa au Dar es Salaam mchana wa Februari, hewa inapopita nyuzi 30.

Utaratibu

Programu inayotumika zaidi ni MSI Afterburner. Katika mashine nyingi za mpakato vitelezi vya volteji na kikomo cha umeme huwa vimefifia, havisogei; hubaki vile vya kasi ya chipu na ya memori. Kasi huongezwa kidogo kidogo, megahezi 25 kwa mara moja, kisha kadi hujaribiwa kwa gemu nzito au programu ya kupima kama 3DMark. Ikizidiwa, vitone vya rangi na pembetatu zilizopotoka hujitokeza kwenye picha, au skrini huganda: Windows husubiri jibu la kadi kwa sekunde 2, kisha huiwasha upya draiva. Memori ni ya kuangaliwa kwa makini zaidi, maana baadhi ya kadi hugundua makosa na kutuma data upya, hivyo alama za kipimo zinaweza kushuka hata kabla picha haijaharibika.

Njia yenye manufaa zaidi kwa mpakato ni kushusha volteji. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volteji. Kutoka volti 0.95 hadi 0.85 kwa kasi ileile, sehemu ya umeme inayotokana na kazi ya chipu hupungua kwa takriban moja ya tano. Katika Afterburner, Ctrl na F zikibonyezwa pamoja hufungua mchoro wa kasi na volteji; nukta moja hupandishwa hadi kasi inayotakiwa, na zote zilizo kulia kwake husawazishwa nayo. Wati zilizookolewa huiwezesha kadi kudumu kwenye kasi ya juu, na feni hutulia.

Mzozo wa mwaka 2015

Mwanzoni mwa 2015, wenye mpakato za GeForce waliosasisha draiva walikuta vitelezi vya kasi havifanyi kazi tena. Miongoni mwao walikuwa wanunuzi wa GTX 970M na 980M, kadi ghali zilizotoka Oktoba 2014. Nvidia ilieleza kuwa kadi za mpakato hazikuundwa kwa ajili ya kuovakloki, kwamba uwezo huo uliingia kwa kasoro ya draiva, na kwamba uliondolewa ili kulinda mashine zisiungue. Wateja walikasirika, na walikuwa na haki: walikuwa wamenyang'anywa uwezo wa mali waliyokwisha kuilipia. Februari mwaka huo kampuni ilirudi nyuma na kuahidi kuurejesha katika draiva ya Machi; waliokuwa na haraka waliambiwa warudie toleo la zamani, 344.75.

Septemba mwaka huohuo Nvidia yenyewe ilitangaza GTX 980 kamili ya mpakato, ikiuza uwezo wa kuovakloki kama sifa. ASUS iliiweka katika ROG GX700, mpakato iliyounganishwa na kisanduku cha kupozea kwa maji.

Hatari

Joto la kudumu hufupisha maisha ya feni na betri. Kubadili bayosi ya kadi, yaani programu yake ya msingi, kunaweza kuiua kabisa.

Hali ya sasa

Watengenezaji wengi huweka ovakloku ndogo ndani ya programu zao wenyewe. Mwaka 2018, pamoja na RTX 20, Nvidia ilileta kipimaji kinachotafuta kasi salama bila mtumiaji kukisia. Januari 2023 mtunzi wa Afterburner, Alexey Nicolaychuk wa Urusi, alisema mradi umekaribia kufa baada ya malipo yake kukatika. MSI ilisema inatafuta ufumbuzi, na toleo la 4.6.5 lilitoka mwaka huohuo.