Nyasi za Mbuya na Mikono Iliyozikata

Kaka yangu anayeishi Uingereza anataka tumnunulie mama trekta dogo la bustani, lile la kukalia, unashika usukani na nyasi zinakatika chini yako. Mama ana nyumba yake kwenye kilima cha Mbuya, Kampala, upande unaoteremkia Kinawataka, na tangu baba afariki anaishi peke yake. Nia ya kaka ni njema. Lakini kilima hiki na nyasi zake vimetoka mbali, na anayetaka kumchagulia mzee mashine ni vema aanzie huko.

Uwanja wa nyasi fupi si desturi ya kale ya Buganda. Mbele ya nyumba palifagiliwa hadi udongo ukabaki mtupu, na nyuma ilisimama migomba. Chombo kilichotawala ni jembe, na majembe yaliyosifika yalitoka kwa wahunzi wa Bunyoro, ambao bidhaa zao zilifika hadi kwa Walango na Waacholi. Nyasi za kukatwa zilikuja na wakoloni, na nyuma yao kulikuwa na hofu ya malaria. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa Afrika Mashariki kukagua afya ya miji, akapendekeza Wazungu watengwe na wengine kwa ukanda wa ardhi isiyojengwa. Kisha Sheria ya Afya ya Umma ya 1935 ikawapa maofisa nguvu ya kuamuru vichaka na nyasi ndefu karibu na makazi vifyekwe. Tangu hapo, nyasi ndefu mjini Kampala zikawa aibu ya mwenye nyumba.

Nani alizifyeka? Si yule aliyeishi ndani. Kazi ilifanywa kwa slasha, bapa la chuma lililokunjwa mwishoni na kutiwa mpini, na walioishika walikuwa vibarua, wafungwa, wanafunzi waliochelewa shule na askari waliokosea. Sisi tuliokulia karibu na kambi ya jeshi ya Mbuya tulizisikia amri za kufyeka zikitolewa kwa Kiswahili, lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles (KAR), jeshi la wakoloni. Slasha humtaka mtu mwenye kiuno kizima. Inarushwa kutoka begani, inapita chini, inarudi, na mvua za Machi hadi Mei zikishika kazi hiyo haina mwisho.

Mashine ya kukatia nyasi ilibuniwa na Edwin Budding huko Stroud, Uingereza, mwaka 1830, kwa kuiga mtambo wa kunyoa manyoya ya vitambaa kiwandani. Ilifika kwetu pamoja na nyumba za maofisa. Hata hapo, aliyeisukuma alikuwa kijana wa shamba, na bwana alikaa barazani.

Trekta nalo tumelijua, na historia yake ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Huko Tanganyika, mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea ulianza 1947 kwa matrekta mengi, mengine yakiwa yametokana na vifaru vya vita, ukafutwa 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Ardhi ngumu na ukame viliuangusha, lakini pia mashine zilisimama kwa kukosa vipuri na mafundi. Uganda nayo, katika miaka ya 1960, serikali ya Obote ilianzisha mashamba ya vikundi yenye matrekta ya kulimia pamba. Trekta likiharibika msimu wa kulima, msimu umekwenda. Ikaja Agosti 1972, Amin akawapa Waasia siku 90 kuondoka, na waliokuwa wakiagiza na kuuza vipuri wakaondoka navyo vichwani mwao, maana kujua kipuri gani kinaingia wapi ni ujuzi wa miaka.

Mbuya tuliona matokeo yake kwa macho. Mafuta yakawa adimu, mshahara haukununua kitu, na viwanja vilivyokuwa vya nyasi vikapandwa muhogo, mahindi na viazi vitamu. Mama alilima mbele ya nyumba mpaka karibu na lango. Majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala kumwangusha Amin, Aprili 1979, chakula chetu kilikuwa hapo nje. Nyasi zilirudi baadaye, maisha yalipotulia, nazo ni hizi za pasipalamu tunazozihangaikia leo.

Sasa tazama trekta la kaka katika uwanja huo. Watengenezaji wa mashine za kukalia wanaonya zisitumike kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15 hivi, na kwenye mteremko ziende juu na chini, zisikate kwa ubavu, kwa sababu hupinduka. Nyumba ya mama iko mlimani. Mashine ikimlalia, nani atasikia? Betri ikikaa muda bila kazi inakufa, mkanda ukikatika unasubiri meli. Ruzuku ya wazee inayotolewa na serikali ni ndogo, haitalisha injini. Wala pawatila, trekta la kusukuma la magurudumu mawili lililoenea Tanzania tangu kampeni ya Kilimo Kwanza ya 2009, si mbadala, kwani humtikisa hata kijana.

Kinachofaa Mbuya ni mashine ya kufyekea inayoning'inizwa begani. Inapanda mteremko, na mafundi wa Kampala wanaifungua na kuifunga. Kijana wa Kinawataka huja nayo, anakata, anakunywa chai, anamuuliza mama habari za goti lake. Mtu huyo ndiye atakayegundua mapema kwamba mlango haukufunguliwa asubuhi. Kwa mzee anayeishi peke yake, hilo ni kubwa kuliko nyasi.

Kwa hiyo nimemwandikia kaka: fedha ya trekta igawanywe. Sehemu inunue mashine ya begani ikae kwa mama, sehemu imlipe kijana kila mwezi, na nusu ya uwanja irudishwe kwenye nakati na dodo, mboga ambazo mama bado anazipalilia mwenyewe akiwa amekaa kwenye kigoda. Nanyi mlio ng'ambo mnaotaka kuwatumia wazazi mashine, ulizeni kwanza mteremko ukoje, fundi yuko wapi, na nani ataiwasha.